Ukumbi Wenye Mlango Mmoja

Masasi, Jumapili jioni

Klara mwanangu,

Nilianza barua hii kama tulivyofundishwa shule ya msingi, nikaandika kwamba mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali. Nikasimama hapo. Hauko mbali. Uko chumba cha pili unabishana na mama yako kama lile blanketi zito litaingia kwenye begi, na mama yako anashinda, kwa sababu yeye ameshasimuliwa habari za baridi ya Mbeya na wewe unadhani ni hadithi. Kesho ukishapanda basi la Songea salamu ile itakuwa na maana. Leo niruhusu nianze bila salamu.

Mambo ya nguo, ya nauli, ya kutopokea kinywaji cha mtu usiyemjua njiani, ya kupiga simu ukifika Tunduru na tena ukifika Songea, yote nimemwachia mama yako, na kwa sauti ninayoisikia ukutani hakuna alichosahau. Mimi nina jambo moja tu, na mdomoni halitoki. Unanijua. Nikitaka kusema neno la maana naanza kufoka kuhusu nyundo iliyopotea. Kwa hiyo naandika.

Jambo lenyewe ni hili. Siku ya kile kikao cha ndugu, mjomba wako wa Makote alipokubali uende chuo ukasomee kuchora majengo, wewe ulikuwa jikoni unachemsha chai. Kabla hujarudi na vikombe aliniuliza: akimaliza atarudi kuushika ukumbi? Nikajibu atarudi. Sikufikiri hata kidogo. Watu wakaitikia, kikao kikafungwa, wewe ukaingia na sinia huku unatabasamu, na mimi nilikuwa nimeshakutoa kama mtu anayetoa kiti cha jirani. Ndugu wote wanalijua neno hilo isipokuwa wewe. Mama yako amenyamaza kwa sababu nilimwomba anyamaze.

Juzi nimefanya kitu kuhusu neno hilo, nitakueleza. Lakini lazima nianze na ukumbi wenyewe, maana wewe ulipopata akili uliukuta umesimama, hujui ukumbi huo ulivyozaliwa vibaya.

Kabla hujazaliwa nilifanya useremala Dar chini ya mkandarasi mmoja. Kazi yangu ya mwisho kule ilikuwa ukumbi wa michezo ya watoto ndani ya jengo la maduka. Msimamizi wetu alikuwa na wimbo mmoja kila asubuhi: ukumbi uwe wazi, mlango uwe mmoja, mzazi akikaa popote amwone mwanawe. Mlango mmoja ukiwa na mtu amekaa hapo, hakuna mtoto anayetoroka na hakuna mtu baki anayeingia. Nilimwelewa vizuri. Na kwa Dar alikuwa sahihi, sina ugomvi naye mpaka leo.

Niliporudi Masasi nikaanza kutazama watu wakati wa msimu wa korosho. Familia nzima inashuka kutoka Chiungutwa au Nanganga kuja mjini kununua vitu. Baba anapotelea baa. Mama anakaa kwenye ngazi za duka na mtoto mgongoni. Bibi anaachwa stendi alinde mabegi. Watoto wanapigwa na jua, wanalia, wanachapwa, safari imeisha. Nikawaza, niwape mahali pamoja, ndani, penye kivuli, ambapo kila mmoja wao ana kitu chake cha kufurahia, kuanzia anayetambaa hadi anayetembelea mkongojo. Nilipomweleza mama yako alisema ni wazo zuri. Alisema hivyo mara moja tu, mwanzoni, na tangu hapo hajarudia.

Ghala nililopata lilikuwa la korosho tangu zamani. Kuta nene, madirisha hakuna, matundu ya hewa huko juu karibu na bati, na mlango mmoja wa chuma unaotazama barabara. Mtu mwingine angekimbia. Mimi niliona kazi imeshafanywa nusu, mlango mmoja wa yule msimamizi nimeukuta bure. Nikatengeneza mteremko wa mbao, nikaupiga msasa mpaka nikadhani umekuwa kioo, nikaujaribu mwenyewe na kuchana suruali. Nikafunga bembea kwenye nguzo. Nikanunua godoro la hewa la kurukia. Nikapanga mabenchi kuzunguka kuta zote, yakitazama katikati, ili kila jicho limfikie kila mtoto.

Nilikosea vitu vingi na vingine vinachekesha. Niliwaambia wachoraji wajaze kuta tembo na twiga wanaocheka. Mzee mmoja wa Chiungutwa aliingia siku ya pili, akavua kofia kwa adabu, akaniuliza chanjo zinatolewa chumba gani. Kwa heshima ya wazee nikawajengea jukwaa, juu kidogo kuliko wengine, lenye viti vya kuegemea na mbao mbili za bao. Walikaa huko juu kama wazee wa baraza mahakamani. Hakuna aliyegusa kete. Huwezi kumtukania mwenzako mchezo huku watoto wa mji mzima wanakutazama kutoka chini. Na vijana hawakuingia kabisa, walikaa juu ya bodaboda ng'ambo ya barabara wakisikiliza muziki wetu bila kulipa.

Hayo ya tembo na jukwaa niliyaona mapema. Kosa kubwa sikuliona mpaka lilipomkamata bibi yako.

Unajua mimi ni mtoto wa misheni. Kwetu, toka kwa mababu, mkwe anasalimiwa mlangoni mwa kanisa, hata mkono anapewa. Mama yako aliniambia kabla hatujaoana kwamba kwao Makote mama mkwe na mkwewe wa kiume hawakai pamoja, hawali mmoja mbele ya mwenzake, wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani mwingine apite. Nilimsikiliza kama unavyosikiliza mambo ya watu wa kale. Nilipokwenda kwao na kuona khanga inapotea nyuma ya nyumba, nilisema huyu mama ana haya. Sikujua kwamba ananiheshimu kwa nguvu zake zote na mimi namwaibisha kwa kutojua.

Ilikuwa Jumamosi ya msimu, ukumbi bado unanuka rangi. Mama yako aliwaalika watu wa kwao. Walifika nikiwa nimetoka kutafuta mafuta ya jenereta, kwa hiyo bibi yako aliingia kwa amani, akachagua benchi la mwisho kabisa ndani. Nikarudi. Nikakaa kwenye kiti changu mlangoni, nikakunja nne, bwana mkubwa na ukumbi wake.

Choo kilikuwa nje. Njia ya kwenda chooni ilipita mbele ya kiti changu, karibu kiasi kwamba nguo ya anayepita ilinigusa goti.

Bibi yako alivuta khanga usoni, akageuza mwili wote, akatazama ukuta. Nilidhani amechoshwa na safari. Wewe ulikuwa mdogo, miaka minne hivi, nikakupa soda ya baridi umpelekee. Mtu anatafuta pa kupeleka maji, mimi namwongezea. Hakuinywa, angeinywaje wakati namtazama. Akina mama wenzake walipoona mwenzao ameelekea ukutani, nao wakageuka mmoja mmoja kumsitiri. Mwisho benchi zima likanipa migongo, na mbele yao twiga wanacheka. Mimi nikaja na akili yangu nikasema, wanapenda michoro.

Kisha mvua ikashuka. Chini ya bati lile mvua ikinyesha huwezi kumsikia hata anayekupigia kelele sikioni. Maji yakaanza kuingia, nikavuta mlango wa chuma, nikauegemea kwa mgongo. Tukawa tumefungiana humo wote, watoto wanaruka, wanawake wa Makote wanatazama ukuta, na mimi ndiye komeo.

Mvua ilipokatika, palitulia ghafla. Na katika utulivu ule bibi yako akasema, kwa sauti iliyofika kila kona, kwa Kiswahili chake cha kwao, akisema na wewe kwa sababu na mimi hawezi kusema:

"Klara, nwambie baba yako, ntego wake umenasa nkwewe."

Hakuna aliyecheka. Wangecheka ningepona. Wewe ulikuja mbio ukanishika kidole ukaniambia, "Baba, bibi anasema ntego," maana neno hilo tu ndilo ulilolishika. Niliufungua mlango, nikatoka, nikavuka barabara, nikasimama kwenye tope nikitazama upande mwingine mpaka mama yako aliponifuata. Nilipogeuka, wageni wa Makote walikuwa wameshapanda gari.

Mama yako hakunisema siku ile. Alinisema kesho yake, na wiki iliyofuata, na mara nyingine hata sasa nikimkera. Mimi nilijitetea kwamba zama zimebadilika. Lakini nilikuwa najua moyoni. Nilikuwa nimepima urefu wa mtoto wa miaka mitano, nimepima mwinamo wa mteremko, nimepima mpaka unene wa zulia, na sikuwahi kujiuliza nani hapaswi kumwona nani akila. Niliona aibu, Klara. Nilikuwa na aibu kiasi kwamba kwa muda mrefu sikuweza kupanda kwenda kwao, huko Newala.

Baada ya hapo nikaanza kuona vitu ambavyo vilikuwa mbele yangu siku zote. Mwalimu alikuja na watoto wake, akalitamani godoro la hewa, nilimwona kwa macho yangu anavua viatu, kisha akaona wanafunzi wake kwenye benchi la pili na kuvivaa tena. Msichana aliyekuja na wenzake aligundua shangazi yake yupo, akashinda amekunja mikono. Baba mmoja alikaa na soda mkononi bila kuifungua, mpaka mzee mmoja alipoondoka. Ukumbi wangu wa watu wa rika zote ulikuwa umewaweka watu wa rika zote mbele ya macho ya wenzao, na matokeo yake waliofurahi ni watoto wasiojua aibu.

Nikataka mlango wa pili. Mwenye jengo akakataa katakata kutoboa ukuta wake, alisema ghala ni ghala, biashara yangu ikifa atarudisha korosho. Nikakitoa kiti changu nje, niketi kibarazani ili watu wapite kwa uhuru. Wiki haikuisha, mtoto akachoropoka hadi barabarani na bodaboda ikamkosakosa, mama yake akazimia. Nikarudisha kiti mlangoni. Nikakaa pale miaka, nikijua kabisa kosa liko wapi na siwezi kulitoa. Nadhani ndipo nilipoanza kuwa mtu mwenye hasira. Wewe umenijua hivyo tu, lakini mama yako alioa, samahani, aliolewa na mtu mwingine mwenye mzaha zaidi.

Ulikuwa kidato cha pili ulipochukua chaki na kuchora sakafuni. Nilikukuta umeinama, sare ya shule imejaa vumbi, nikataka kufoka. Ulikuwa umechora mabenchi yamepeana migongo, na kati yake ukuta mwembamba wa matete. Nilikubishia nikiwa nimesimama juu ya mchoro wako na viatu. Nilisema mzazi hatamwona mtoto wake.

Ukanijibu, "Akitaka kumwona atasimama."

Nilikwenda kuketi kwenye benchi. Nikasimama. Nikaketi tena. Ukuta wa matete ukizidi kidogo kichwa cha aliyekaa, aliyekaa amesitirika, aliyesimama anaona ukumbi wote. Yule msimamizi wa Dar na bibi yako wa Makote wangeweza kuketi humo wote wawili na kila mmoja akapata haki yake. Sikukusifu. Nilikuambia ufute chaki watu wasiteleze. Jioni nilikusifu kwa mama yako, nikakusifu kwa mafundi, nikakusifu hadi kwa muuza mbao, na kwako nikaja kuulizia chaki umeitoa wapi. Hilo linaniuma, nalisema leo.

Jengo lilipokuja mikononi mwa mtoto wa mwenye jengo, yeye hakujali, tukatoboa ukuta wa nyuma. Na wewe tena ndiye uliyesema mlango ule usiende barabarani, uende kwenye ua wenye vyoo, na komeo la ua liwe usawa wa bega la mtu mzima. Jukwaa la wazee nikalivunja. Tembo na twiga nikawapiga rangi nyeupe, isipokuwa pale kona ya wadogo. Vijana ukawapa kule nyuma ya nguzo, karibu na muziki na mbali na shangazi.

Bibi yako alikuja likizo iliyofuata. Aliingia kwa mlango wa uani, mimi nipo kiti changu cha mbele, matete yapo kati yetu. Mjomba wako alikuwa anacheza bao na mtu wa Nanganga, akaliwa vibaya, akasingizia taa kwamba ni hafifu. Nikasikia mwanamke anacheka upande wa pili. Kicheko kirefu, kinapanda, kinashuka, kinaanza upya. Nilimwuliza mama yako ni nani yule. Akasema, "Ni mama." Nilikuwa nimeishi na binti yake miaka yote ile na sikuwahi kumsikia akicheka. Nilikaa pale mlangoni nikilia kimya kimya, na watu walioingia nikawaambia ni vumbi.

Ningependa barua iishie hapo. Ni mahali pazuri. Lakini baada ya hapo ukumbi ulijaa, na ulipojaa ndipo uliponifunga.

Watu wote wanafurahi siku moja, Klara. Krismasi, Idi, Pasaka, likizo, Jumamosi. Siku hizo ndizo ninazokaa mlangoni. Nimeziona sikukuu za familia zote za wilaya hii na zangu sizikumbuki. Mama yako ana magoti mabovu kwa kusimama jikoni. Ndugu wananiambia nina bahati, nakaa kivulini wenzangu wanapulizia mikorosho. Nawaitikia. Kisha nakaa pale, kuta zile nene, matundu yale ya hewa huko juu, nahesabu watoto wanaoingia na wanaotoka, na nahisi nimefungwa. Nimeliandika neno hilo na silifuti. Siwezi kufunga kwa sababu sina kazi nyingine ninayoiweza vizuri kama ile, na kwa sababu yule bibi wa watu akicheka nyuma ya matete bado napenda kusikia. Siku hizi hata nikienda harusini siwezi kuketi mpaka nijue mlango uko wapi na nani amekaa hapo.

Ndiyo maana nilijibu haraka siku ya kikao. Mjomba wako alipouliza nani ataushika, mimi sikusikia swali kuhusu wewe. Nilisikia mtu anauliza nani atakuja kunitoa kitini. Nikataja jina lako.

Jumamosi ya wiki iliyopita nilikwenda mazikoni Nanganga ukanishikia zamu. Nilirudi mapema kidogo kuliko nilivyokuambia. Gari liliponishusha ng'ambo ya barabara nikakuona umekaa kwenye kiti changu. Umekunja nne. Shavu umeliweka kwenye kiganja. Basi la Tunduru lilikuwa linatoka stendi, ukaligeukia, ukalifuata kwa macho mpaka lilipopotea, kisha mtoto akajaribu kuchoropoka na wewe, bila hata kumtazama, ukanyoosha mguu ukamzuia. Hivyo ndivyo ninavyofanya mimi. Mguu ule ule. Ndani watu walikuwa wanacheka na wewe hukugeuka. Nilisimama pale nikaogopa kuliko nilivyoogopa siku ya ile bodaboda. Nilikuona ukiwa na umri wangu.

Juzi nilikuambia naenda kununua mbao. Nilipanda gari la Newala, nikachukua bodaboda hadi Makote. Mjomba wako alikuwa anamenya mihogo kibarazani. Tulisalimiana, tukaulizana habari za watu wote wazima na wagonjwa, kisha nikamwambia lile neno nililolisema kwenye kikao halikuwa langu kulisema, nimekuja kuliondoa.

Alisema neno la kikao haliondolewi na mtu mmoja barazani. Nikamwambia basi aite kikao, nitaliondoa mbele yao wote, hata leo. Akaendelea kumenya. Unajua mjomba wako akitaka kukutesa hanyanyui macho. Kwao mtoto wa dada yake ni wake kabla hajawa wangu, na sikwenda kugombania hilo. Nilikwenda kuomba.

"Sasa huo ukumbi ataushika nani, Baba Klara?"

"Mimi."

"Na ukichoka?"

"Nimeshachoka, shemeji."

Hapo ndipo aliponyanyua macho. Tulitazamana. Nilikuwa sijawahi kumwambia mtu yeyote neno lile, hata mama yako, na lilitoka mbele ya mtu ambaye tumetaniana miaka yote bila kuambiana la kweli. Aliweka kisu chini. Akasema, "Basi ntoto aende. Asitusahau tu." Akanipa mihogo ya kubeba, ile mliyoila jana usiku mkidhani nimeinunua sokoni.

Kwa hiyo nakuambia wazi ili usije ukasikia kwa watu. Kulikuwa na ahadi, niliitoa bila ruhusa yako, nimeirudisha. Hakuna anayekudai kurudi. Mjomba hakudai, bibi hakudai, mama yako alikuwa wa kwanza kusema uende. Mimi nataka urudi. Siwezi kukudanganya hapa, nataka sana, kila nikisikia zipu ya begi lako inavutwa nataka niingie humo chumbani niseme nimebadili mawazo. Kutaka kwangu nibaki nako mwenyewe. Usikubebe Mbeya, begi limeshajaa blanketi.

Huko chuoni watakufundisha mengi nisiyoyajua, mwanga, hewa, nguzo, hesabu za mzigo. Sikiliza yote. Mimi nina moja la kuongezea. Ukipewa kazi ya kuwachorea watu mahali pa kufurahia, nenda kwao kwanza ukae nao, uone nani anamkwepa nani na nani hutoka chumbani mtu fulani anapoingia. Wao wenyewe hawatakuambia, kwa sababu kwao ni jambo la kawaida kama kuvua viatu. Mimi niliishi na mwenyeji wa Makote, nikala chakula chake kila siku, na sikumwuliza. Usiogope kuonekana mjinga kwa kuuliza. Nilipoogopa kuonekana mjinga ndipo nilipomfungia mama wa watu ndani.

Na ukijikuta huko uliko umekaa mahali huwezi kutoka, iwe kazi, iwe ofisi, iwe nyumba ya mtu, usisubiri miaka kama mimi nilivyongoja mwenye jengo akubali. Nipigie simu. Nitafoka kidogo kwanza, unanijua, halafu nitakuja.

Mama yako ameshafunga begi, nasikia analikalia ili lifunge vizuri. Anacheka, na wewe unacheka. Ngoja niwasikilize kidogo.

Ukija Masasi siku moja, mwaka wowote, uje kama wageni wengine. Nitakuwepo, Jumamosi nafungua kama kawaida. Unilipe kiingilio, maana sitakuruhusu kushika kazi yoyote mle ndani. Uketi popote utakapo, ucheke mpaka uchoke. Ukitaka kuondoka, ondoka tu, usinitazame usoni kwanza.

Mimi baba yako.